Kimono, Abakosti na Utanashati: Vazi na Uasi katika Historia ya Lubumbashi

1. Utangulizi

Miongoni mwa wapenzi wa mavazi katika miji ya Kongo, majina ya wabunifu wa Kijapani kama Yohji Yamamoto na Rei Kawakubo hutajwa kwa heshima ambayo kwingineko hupewa wanamuziki au wachezaji wa mpira. Jambo hili limewashangaza wageni wengi. Wengine wamelicheka, wakiliona kuwa ni upuuzi wa watu maskini wanaotafuta anasa ya mbali. Wengine wamelisifu bila kulichunguza. Makala haya yanakusudia kulitazama kwa jicho la historia na kuuliza maswali mawili. Kwanza, kwa nini vazi lenye asili ya Kijapani, ambalo halikufanana na suti ya Mbelgiji wala na vazi rasmi la utawala wa Mobutu, lilipata mahali katika nyoyo za vijana wa Kongo? Pili, je, kulivaa ni uasi wa kweli, au ni utumwa mpya uliobadilisha bwana tu?

Ingawa Kinshasa na Brazzaville ndizo zinazotajwa zaidi katika historia ya utanashati wa Kikongo, mjadala huu utaegemea Lubumbashi. Sababu ni kwamba mji huu wa migodi unaonyesha wazi kuliko mingi jinsi mamlaka yalivyotumia nguo kuwapanga watu, na jinsi watu walivyotumia nguo kuyajibu mamlaka.

2. Nguo na mamlaka kabla ya mji na ndani ya mji

Kabla ya kuwapo Elisabethville, nguo ilikuwa tayari ni lugha ya madaraka katika Katanga. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mji wa Bunkeya chini ya Msiri ulipokea misafara iliyoleta bunduki, shanga na vitambaa, na kuondoka na pembe za ndovu, shaba na watumwa. Merikani na kaniki zilizotoka pwani ya Bahari ya Hindi zilikuwa mali, zawadi na fedha kwa wakati mmoja. Mtawala aliyegawa nguo aligawa heshima. Yafaa kukumbuka kwamba Kiswahili nacho kilifika sehemu hizi kwa njia zile zile: maneno ya biashara na majora ya kitambaa yalibebwa na wapagazi wale wale. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, na Katanga ikaingia chini ya mamlaka ya Mfalme Leopold II.

Elisabethville ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ambao reli kutoka Rhodesia ilifika. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilihitaji wafanyakazi, na mji ukagawanywa kati ya makazi ya Wazungu na makazi ya Waafrika. Mtaa wa Kamalondo, ulioanza mwaka 1921 kwa jina la Albert, ni mtoto wa mpango huo. Katika mji kama huo nguo ilionyesha papo hapo nani ni nani: mchimbaji, karani, mtumishi wa nyumbani, askari. Vyama vya ngoma ya mbeni, vilivyofika Elisabethville kama vilivyofika katika miji mingine ya Afrika Mashariki na Kati, viliigiza gwaride, vyeo na sare za Wazungu. Kwa mtazamaji wa haraka huo ulikuwa mwigo. Kwa aliyecheza, ilikuwa ni njia ya kuvaa cheo ambacho serikali ilimnyima.

Watumishi wa nyumbani ndio waliokuwa karibu zaidi na kabati la Mzungu. Si ajabu kwamba mojawapo ya maandishi muhimu ya historia ya mji huu kwa Kiswahili, yaliyotungwa na André Yav mwaka 1965 na kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, yanahusu maisha ya watumishi hao. Soko la nguo kuukuu nalo lilikuwa na nguvu. Karen Tranberg Hansen, katika kitabu chake kiitwacho Salaula cha mwaka 2000, ameonyesha kwamba mitumba ya awali iliyouzwa Rhodesia ya Kaskazini ilipitia Kongo ya Kibelgiji kabla ya kuvuka mpaka. Watu wa pande zote mbili za mto Luapula walijifunza mapema kuchagua nguo iliyoshonwa kwa mwili wa mtu mwingine na kuifanya yao.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iligeuza mavazi na mwenendo kuwa mtihani. Kadi ya sifa ya kiraia iliyoanzishwa mwaka 1948, na utaratibu wa kuandikishwa kisheria wa mwaka 1952, viliwataka Waafrika walioitwa wastaarabika wathibitishe kwamba wanaishi kama Wazungu. Wakaguzi waliingia nyumbani, wakatazama vyombo, samani na usafi wa familia. Suti na tai vilikuwa sehemu ya ushahidi. Kwa hiyo suti katika Kongo haikuwa nguo ya kawaida tu. Ilikuwa cheti kilichovaliwa mwilini.

3. Japani iliyofika kabla ya mitindo

Ni kosa kufikiri kwamba Japani iliingia katika mavazi ya Afrika ya Kati kwa mara ya kwanza kupitia maduka ya Paris. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 uliweka kanuni ya biashara huru katika bonde la Kongo, eneo ambalo kwa tafsiri ya mkataba lilijumuisha pia sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919, ambao Japani ilitia saini, uliendeleza usawa wa forodha kwa mataifa yaliyohusika. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1930, vitambaa vya pamba vya bei nafuu kutoka Japani viliingia kwa wingi katika masoko ya eneo hili bila kuzuiwa na ushuru wa ubaguzi. Viwanda vya Uingereza vililalamika, lakini mnunuzi wa kawaida alifurahi. Katika maduka mengi ya Afrika Mashariki, kitambaa kilichoendelea kuitwa merikani kilikuwa kimefumwa Japani. Jina lilibaki la Marekani, uzi ukawa wa Osaka. Baada ya vita, viwanda vya Japani vilichapa pia kanga na vitenge kwa ajili ya wanawake wa Afrika Mashariki.

Katanga ilikutana na Japani kwa njia nyingine tena, yaani mgodini. Mwaka 1967, mwaka ule ule ambao mali za Union Minière nchini zilichukuliwa na serikali, kampuni ya Nippon Mining ilipata haki ya kutafuta na kuchimba shaba kusini mashariki mwa Lubumbashi. Mgodi wa Musoshi, karibu na mpaka wa Zambia, ulianza uzalishaji mwaka 1972 chini ya kampuni ya SODIMIZA. Wajapani waliondoka mwaka 1983, baada ya bei ya shaba na matatizo ya usafirishaji kuharibu matumaini yao. Kwa hiyo, kwa mkazi wa Katanga wa miaka ya 1970, Mjapani alikuwa mhandisi wa migodi kabla hajawa jina lililoshonwa ndani ya koti.

4. Vazi na uasi nchini Japani

Ili kuelewa vazi hili, ni lazima kulitazama nyumbani kwake. Neno kimono lina maana nyepesi kabisa: ni kitu cha kuvaa. Kiswahili kimefuata njia hiyo hiyo katika kuunda neno vazi kutokana na kitenzi vaa. Lugha hizi mbili zisizo na undugu zimekubaliana kwamba vazi huelezwa na tendo, si na umbo.

Umbo la kimono linatokana na kitambaa chenyewe. Jora moja, lenye urefu wa mita 12 hivi na upana usiozidi sana sentimita 38, hukatwa kwa mistari iliyonyooka kuwa vipande vya mstatili, kisha vipande hivyo huunganishwa. Hakuna mkato wa kufuata kiuno au bega, wala hakuna kitambaa kinachotupwa. Vazi likifunguliwa nyuzi zake, jora hurudi karibu kama lilivyokuwa. Mshonaji wa Ulaya huanza na mwili na kuulazimisha kitambaa kiufuate. Mshonaji wa kimono huanza na kitambaa na kuuachia mwili nafasi ndani yake.

Vazi hili halikuwa la utulivu siku zote. Mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17 kulikuwa na vijana walioitwa kabukimono, jina linalotokana na kitenzi chenye maana ya kuinama upande au kwenda kombo. Wengi wao walikuwa mashujaa wa vita wasiokuwa na bwana, na walitembea mijini wakiwa wamevaa mavazi ya rangi kali, mengine ya kike, ili kuudhi utaratibu mpya wa amani. Baadaye, katika enzi ya Edo, serikali ilitoa sheria za mara kwa mara kuwakataza wafanyabiashara kuvaa anasa iliyozidi tabaka lao. Wafanyabiashara walijibu kwa werevu: nje walivaa rangi za kijivu, kahawia na nili, lakini ndani ya joho waliweka bitana ya hariri iliyochorwa kwa ustadi mkubwa. Uasi ulihamia ndani ya nguo.

Hatimaye serikali ya Meiji iligeuza mambo. Amri ya mwaka 1872 ilifanya mavazi ya Kimagharibi kuwa mavazi rasmi ya sherehe kwa maofisa. Miaka 68 baadaye, mwaka 1940, serikali ya vita ilitangaza vazi la taifa la wanaume, sare ya rangi ya kaki, huku watu wakifundishwa kwamba anasa ni adui. Hivyo Mjapani wa karne ya 20 alikuwa amekwisha kuamriwa mara mbili namna ya kuvaa: mara moja ili afanane na Mmagharibi, mara ya pili ili afanane na jirani yake.

Kizazi cha wabunifu waliozaliwa karibu na vita hivyo ndicho kilichofika Paris. Kenzo Takada alifungua duka huko mwaka 1970. Issey Miyake, mzaliwa wa Hiroshima, aliufanyia kazi wazo la kuuvika mwili kwa kipande kimoja cha kitambaa. Yohji Yamamoto, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1943, alimpoteza baba yake vitani na kulelewa na mama aliyekuwa fundi wa kushona. Alisoma sheria kabla ya kugeukia ushonaji. Yeye na Rei Kawakubo, mwanzilishi wa Comme des Garçons, walionyesha kazi zao Paris mwaka 1981. Nguo zao zilikuwa nyeusi, pana, zisizo sawa pande mbili, na baadhi zilionekana kama zimetoboka. Baadhi ya waandishi wa Ulaya waliziita kwa kejeli mtindo wa Hiroshima. Wabunifu hawa hawakuwa wakishona kimono, na hawakupenda kuitwa wawakilishi wa Japani. Hata hivyo, nafasi ile kati ya nguo na mwili, na heshima ile kwa kitambaa, zilikuwa urithi usiofichika.

5. Abakosti: uhuru uliogeuka sare

Mwaka 1972, miaka 100 kamili baada ya amri ya Meiji, Zaire ya Mobutu ilichukua njia iliyo kinyume. Katika siasa ya uhalisi, jina la nchi lilikuwa limebadilishwa mwaka 1971, majina ya Kikristo yakakatazwa, na suti ya Kimagharibi pamoja na tai vikaondolewa. Mahali pake pakawekwa abakosti, jina lililofupishwa kutokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya chini na suti. Lilikuwa koti lililofungwa hadi karibu na shingo, lisilohitaji shati la kola wala tai. Wanawake walikatazwa suruali na sketi fupi, wakahimizwa kuvaa vitenge, ambavyo Lubumbashi huviita bikwembe.

Haifai kuidharau nia ya kwanza ya siasa hii. Kwa watu waliokaguliwa nyumbani mwao ili wapewe kadi ya ustaarabu, kuivua tai kulikuwa na maana ya kweli. Tatizo ni kwamba aliyeivua hakuivua mwenyewe, alivuliwa. Abakosti ilipofanywa lazima, ilirudia kazi ile ile ya suti ya kikoloni: ilikuwa cheti. Aliyeivaa vizuri, kwa kitambaa ghali na beji ya chama, alionyesha utiifu na cheo. Aliyeikosa alishukiwa.

Wanafunzi wa vyuo vikuu walijua mapema maana ya kuvishwa kwa nguvu. Mwezi Juni 1971, baada ya maandamano, serikali iliifunga Lovanium na kuwaingiza wanafunzi wake jeshini. Sare ya askari ilitumika kama adhabu kwa wasomi. Mwaka huo huo vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, na masomo ya fasihi na sayansi za jamii yakaletwa Lubumbashi. Hivyo kumbukumbu ya adhabu ile ilisafiri pamoja na vitabu.

6. Papa Wemba na njia ya tatu

Katika hali hiyo ndipo ilipokua Sape, jina linalofupisha chama cha wachangamshaji na watu watanashati. Kama Justin-Daniel Gandoulou na Didier Gondola walivyoonyesha katika tafiti zao, chimbuko lake liko katika vijana wa Kongo zote mbili, na safari ya Paris ilikuwa kwao kama jando la pili. Lakini pande mbili za mto hazikuvaa namna moja. Brazzaville ilishikilia zaidi suti ya kiungwana na kanuni ya kutozidisha rangi tatu. Kinshasa ilipenda ngozi, sketi za kiume, mikunjo mikubwa na nguo nyeusi za Wajapani.

Aliyeitangaza Sape ya Kinshasa kuliko wote ni Papa Wemba, jina lake kamili Jules Shungu Wembadio Pene Kikumba, aliyezaliwa Lubefu katika Kasai mwaka 1949. Alishiriki kuanzisha Zaiko Langa Langa mwaka 1969 na akaunda Viva La Musica mwaka 1977. Mwaka 1986 alizuru Japani kwa maonyesho ya muziki, na mavazi ya Yamamoto na ya Comme des Garçons yakawa sehemu ya sura yake jukwaani. Mwenzake, Stervos Niarcos, aliyefariki Ufaransa mwaka 1995, alikwenda mbali zaidi akatangaza dini ya kitendi, yaani dini ya kitambaa kwa Kilingala. Muziki wa Kilingala ulisikika Lubumbashi kila siku, na pamoja na nyimbo yakaja majina ya wabunifu.

Kwa nini hasa Wajapani? Jibu la kawaida ni bei yao kubwa. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, kwa kuwa Waitaliano na Wafaransa nao walikuwa ghali. Hoja ya makala haya ni kwamba kijana wa Zaire alikuwa amefungiwa kati ya milango miwili. Akivaa suti, alivunja amri ya serikali, na pia alirudia vazi ambalo babu yake alilivaa mbele ya mkaguzi wa Kibelgiji. Akivaa abakosti, alivaa utiifu. Koti la Yamamoto halikuwa lolote kati ya hayo mawili. Lilikuwa la kisasa bila kuwa la mkoloni, na lilikuwa na asili bila kuwa la chama. Lilitoka kwa taifa lisilo la Kizungu lililokwenda Paris na kukataa kushona kama Paris. Katika mazingira hayo, kulichagua kulikuwa na maana ya kisiasa, hata pale mvaaji aliposema kwamba anapenda uzuri tu.

Kuna ufanano mwingine ambao haujatiliwa maanani ya kutosha. Mtanashati wa Kikongo, anapotembea mbele ya watu, hufika mahali akafungua koti lake na kuonyesha jina lililoshonwa ndani. Mfanyabiashara wa Edo naye alificha hariri katika bitana na kuionyesha kwa wachache alipovua joho. Hakuna ushahidi kwamba mmoja alijifunza kwa mwingine. Lakini mahali ambapo nje ya nguo imetwaliwa na serikali, mtu huhamishia nafsi yake upande wa ndani. Huo ndio mfanano wenyewe, na unatokana na hali ya utawala, si na mwigo.

7. Siku 17 za mwaka 1990

Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Katika hotuba hiyo hiyo aliruhusu suti na tai zirudi. Kwa watu wengi, tai ikawa ishara ya kwanza iliyoonekana ya uhuru, kwa kuwa bunge na vyama vingi vilikuwa bado maneno, lakini tai iliweza kununuliwa siku hiyo hiyo.

Siku 17 baadaye, katika usiku wa tarehe 11 kuamkia tarehe 12 Mei, kikosi cha watu wenye silaha kiliingia katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kuwashambulia wanafunzi. Idadi ya waliouawa ilibishaniwa tangu mwanzo: serikali ilikiri kifo kimoja, mashahidi na watetezi wa haki za binadamu walitaja makumi na hata mamia. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire. Kwa chuo hiki tukio hilo si tanbihi ya historia ya mavazi. Limetajwa hapa kwa sababu linaweka mpaka wa hoja yote: utawala unaoweza kuirudishia shingo tai yake unaweza pia kuikata. Ruhusa ya kuvaa si haki ya kuishi, na uasi wa nguo hauwezi kuchukua mahali pa sheria.

8. Lawama dhidi ya utanashati

Baada ya 1990 Katanga iliingia katika miaka migumu. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwezi Septemba 1990, uzalishaji wa Gécamines ulianguka, na katika miaka ya 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo hili. Mpiga picha Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kusoma katika chuo hiki, ameweka kumbukumbu ya anguko hilo katika kazi yake ya mwaka 2006 iitwayo Mémoire, ambamo watu wa picha za zamani za kampuni wanasimamishwa mbele ya magofu ya viwanda. Inafaa kuitazama kazi hiyo sambamba na filamu ya Wim Wenders ya mwaka 1989 juu ya Yamamoto, ambamo mshonaji huyo anafungua kitabu cha picha za August Sander na kuwastaajabia wafanyakazi wa zamani ambao mavazi yao yalitambulisha kazi zao. Kilichomvutia Yamamoto ni mtu aliyevaa uhalisi wa maisha yake. Katika picha za migodi ya Katanga, mavazi nayo yanatambulisha kazi, lakini mvaaji hakuyachagua.

Katika nchi yenye historia hiyo, lawama dhidi ya Sape ni nzito na haziwezi kupuuzwa. Ya kwanza ni ya uchumi: koti moja laweza kugharimu zaidi ya mshahara wa mwalimu wa miezi mingi, na fedha hiyo huondoka nchini. Ya pili ni ya maadili: watanashati wengi huazimana au hukodishana nguo, na wahenga walikwisha kuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Ya tatu ni ya kisiasa: aliyekataa kutii chama akatii jina la kampuni, je, amekuwa huru?

Lawama ya kwanza na ya tatu zina ukweli. Ya pili inahitaji kupunguzwa makali, maana kuazimana nguo kunajenga pia udugu, na koti linalopita mabegani mwa watu kumi si anasa ya mtu mmoja. Aidha, wakosoaji husahau kwamba fedha nyingi zaidi ziliondoka Katanga bila kushonwa koti lolote. Haiwezekani kumhukumu kijana kwa koti lake na kumsamehe mtawala kwa kasri lake.

9. Hitimisho

Ufumbuzi wa mgogoro huu, kwa maoni yanayotolewa hapa, haumo katika kuikataa Japani wala katika kuiabudu. Umo katika kutofautisha jina na somo. Jina ni la kununuliwa, na bei yake hupangwa mbali. Somo ni la bure: kwamba kitambaa kinaweza kuheshimiwa kama kilivyo, kwamba mkato ulionyooka hautupi kitu, na kwamba mwili hauhitaji kubanwa ili uwe na adabu.

Somo hilo si geni kwa mafundi wa cherehani wa Lubumbashi. Kikwembe huuzwa kwa kipande kizima cha yadi 12, yaani karibu mita 11, urefu ambao hautofautiani sana na ule wa jora la kimono, ingawa upana wake ni takribani mara tatu. Mwanamke anayejifunga kikwembe bila kukikata, leo akakivaa kiunoni, kesho akakibebea mtoto, keshokutwa akajitanda nacho msibani, anatumia falsafa ile ile ambayo Issey Miyake alisifiwa kwayo Paris. Mbunifu Serge Mouangue, mzaliwa wa Kamerun, ameonyesha tangu 2008 kwamba vitambaa vya Kiafrika vinaweza kushonwa kimono bila upande wowote kupoteza hadhi yake. Linaloweza kufanywa Tokyo linaweza kufanywa pia Kamalondo, na kwa gharama ndogo zaidi.

Papa Wemba alifariki jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, siku ilipotimia miaka 26 tangu hotuba iliyorudisha tai. Kati ya tarehe hizo mbili, Mkongo alipata ruhusa ya kuvaa apendavyo. Kilichobaki ni kazi ngumu zaidi, nayo ni kujishonea. Wanahistoria wa utamaduni na wataalamu wa Kiswahili wangefanya vyema kuingia katika karakana za mafundi wa mji huu, kukusanya istilahi zao za mkato, mshono, pindo na bitana, na kuandika historia ya mikono iliyowavika watu wa Lubumbashi wakati wakubwa walipokuwa wakibishana juu ya kola.